Risasi Nne za Wavu wa Baba

Siku tuliyomzika Prof Anselme nilikaa kwenye kiti cha plastiki, mimi mwanamke wa miaka arobaini na saba mwenye wajukuu wawili, nikahesabu vipande vya samaki katika sahani ya Zaina. Alikuwa na vitatu. Mimi nilikuwa na viwili. Mama Roza, mjane mwenyewe, ndiye aliyetupakulia, macho yamevimba kwa kulia, na labda hakuona hata mkono wake unachota nini. Mimi niliona. Miaka ishirini na tisa hatukuwa tumekutana, Zaina na mimi. Yeye alikuja Kisangani kwa ndege kutoka Goma, mimi kutoka Kinshasa, tukakumbatiana mbele ya jeneza la mwalimu wetu, na jambo la kwanza moyo wangu uliloliona ni kipande kimoja cha samaki. Watu husema wivu huzeeka pamoja na mwenyewe. Uongo! Mimi nimezeeka, wangu bado una meno yote. "Mado, kula basi," Zaina aliniambia, "lituma iko inapoa." Nikala zile ndizi za kupondwa. Ndani ya mkoba wangu, kwenye kikopo cha nyuzi za kushonea, kulikuwa na risasi nne za kuzamishia wavu wa samaki. Nilizibeba kutoka Kinshasa ili nizitupe kaburini pamoja na udongo, jambo liishe. Lakini pale kaburini Zaina alisimama bega kwa bega nami, akanishika mkono ule ule wa mkoba, na sikuweza.

Tulikuwa tumekaa katika sebule ya Prof, ambayo mwaka ule wa tano wa sekondari ilikuwa nyumba yetu kuliko nyumba zetu. Meza ni ile ile, na kitambaa chake cha plastiki chenye mananasi. Pazia la mlangoni limebadilishwa, ila bado ni pazia tu, hakuna mlango, na mtu aliyekaa mezani husikia kila kinachosemwa jikoni. Prof Anselme alifundisha fizikia katika shule isiyokuwa na hata mizani. Mwaka ule alirudi kutoka safarini na kitu kimoja kimefungwa ndani ya soksi: mota ya roketi ndogo, ya karatasi ngumu, kubwa kama betri ya tochi, imetengenezwa kiwandani. Ilikuwa moja tu. Akabandika ukutani picha ya roketi ya kweli aliyoichana kwenye gazeti kuukuu, akasema tutaijenga ile ile, kila mita yake kwa sentimita tano zetu, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akatutajia lililotufanya tusilale vizuri mwaka mzima. Mwisho wa mwaka wangekuja wageni wawili kutoka Kinshasa, na shule moja ya ufundi ya huko ilikuwa na nafasi moja ya kulipiwa kila kitu, kwa mwanafunzi mmoja wa Kisangani. Darasa zima lilianza ile kazi. Baada ya mwezi tulibaki wawili.

Nimueleze Zaina kama alivyokuwa. Mwembamba, mkimya, kitambaa kichwani, mtoto wa watu wa Maniema. Baba yake alikuwa akisukuma velo, baiskeli iliyojaa chumvi na sabuni kwenye barabara ya Bafwasende, siku nyingi kwenda, siku nyingi kurudi. Mimi baba yangu alikuwa mtu wa mto, wa Isangi, mwenye pirogi tatu, mitumbwi mirefu ya mizigo, na nilijua kusema. Nilisema Kifaransa cha kwenye redio, nilisema Kilingala cha Kinshasa kabla sijakanyaga Kinshasa. Zaina ukimuuliza neno alikuwa anaangalia kwanza mikono yake. Mikono ile! Alichonga pua ya roketi kwa kisu cha jikoni, kwa mti mwepesi wa kombo-kombo, na ilipotoka ilikuwa laini kama yai. Mwili tuliufanya kwa bomba la katoni la kuzungushia vitenge, nililileta mimi, nililiomba mimi sokoni, na kila mtu aliyeingia sebuleni alisema, "Zaina, roketi yako iko muzuri." Yako! Nilikuwa nacheka nao, halafu nikifika nyumbani kwa shangazi, nilikokuwa nikiishi, nilikuwa nakataa chakula.

Shida ya roketi yetu ilikuwa mabawa. Ile kubwa ya kwenye picha ilikuwa na mabawa madogo sana mkiani, kwa sababu ya kweli huongozwa na mashine zilizo ndani yake. Yetu haikuwa na mashine. Prof alitueleza kwa kutumia kipande cha katoni alichokata kwa umbo la roketi, akakilaza juu ya ukingo wa rula mpaka kikatulia. "Hapa ndipo upepo unapoishika," akasema, akatia alama. Kisha akailaza roketi yenyewe juu ya kidole. "Na hapa ndipo uzito wake unapokutana. Bon. Uzito ukae mbele ya upepo, karibu na pua, angalau kwa upana mmoja wa mwili wake. Ukikaa nyuma, itageuka hewani itafute ardhi." Alama zetu mbili zilikaribiana sana. Mabawa hatukuruhusiwa kuyakuza, kwa sababu ingeacha kufanana na ya kweli. Ilibidi tuongeze uzito mahali fulani, na hapo ndipo nilipofungua kinywa changu, kwa kujiamini kote kwa mtoto wa mto.

Nilisema uzito uwekwe mkiani. Msinicheke, mtu yeyote wa Isangi au Yanonge angesema vile vile. Tangu nikiwa na miaka mitano nilimwona baba akipakia pirogi, mchele na samaki wa moshi nyuma, pua iinuke, na wimbo wake ulikuwa mmoja: pua nzito inakunywa maji. Kitu kinachokwenda mbele lazima pua yake iwe nyepesi, la sivyo kinazama. Hilo kwetu halifundishwi shuleni, linajulikana tu. Zaina aliangalia mikono yake, akasema polepole, "Kwa velo ya papa, ukifunga muzigo yote nyuma, kwenye mulima velo inasimama juu sawa farasi. Inamutupa. Anafungaka kitu ya uzito kwa usukani." Nikamwambia roketi haisukumwi mlimani. Akaniambia roketi haielei. Prof alipiga makofi kwa furaha, akasema hataki maneno, anataka uzi. Kila mmoja atengeneze kifano chake cha katoni, aweke uzito anapotaka, akifunge uzi mahali uzito unapokutana, akizungushe juu ya kichwa uani mbele ya darasa. Kikienda na pua mbele, kiko sawa.

Risasi nilizileta mimi. Nilizitoa kwenye wavu wa zamani wa baba, vile vidonge vizito vinavyozamisha wavu, nane, nikampa Zaina nne nikabaki na nne. Ukarimu wangu wa siku ile huwa naukumbuka mara kwa mara. Uani walikaa wanafunzi kama arobaini. Nilianza mimi. Nilizungusha mkono, uzi ukakaza, na kifano changu kikajiyumbisha mara mbili, kikageuka, kikaanza kuruka na mkia mbele, kinyumenyume, kwa raha zake zote. Niliongeza kasi. Kikazidi kwenda nyuma. Mvulana mmoja akapiga kelele, "Roketi ya Isangi iko inarudi nyumbani!" na wote wakaanguka kwa kicheko, hata Prof alifuta machozi. Zaina hakucheka. Ningependa angecheka, ningepata cha kumchukia. Alisimama, akazungusha, na chake kikanyooka, pua ikaukata upepo kimya, mzunguko baada ya mzunguko, na watu wakanyamaza wakiangalia. Kwa miezi miwili shuleni jina langu lilikuwa Inarudi-Nyumbani.

Baada ya hapo nilikuwa mgonjwa wa wivu, sisemi kwa kupamba. Mama Roza alikuwa akitupikia Jumamosi, wali kwa ajili ya Zaina, chikwange ya muhogo kwa ajili yangu, pondu ya majani yake katikati, na mimi nilikuwa naona wali umewekwa karibu na nyama. Siku moja niliwahi kufika, nikakaa mezani peke yangu, nikasikia Prof akimwambia mkewe nyuma ya pazia, "Zaina njo iko na mukono. Mado iko na kinywa tu." Mama Roza alikuwa anatwanga, akasema bila kusimama, "Na kinywa nayo inakulaka, papa." "Hapana kwa kazi hii," alisema Prof. "Kama bageni bananiuliza, nitasema Zaina." Nilikaa pale nikihesabu mananasi ya kitambaa. Zaina alipoingia akaniuliza kwa nini macho yangu mekundu, nikamwambia ni moshi. Akaenda jikoni akaniletea maji ya kunawa uso.

Roketi ilikamilika Alhamisi. Ijumaa Zaina alipanga risasi zake nne ndani ya pua kwa nta ya mshumaa, akailaza roketi juu ya kidole, akapima kwa rula, akaandika kwenye daftari lake hesabu ya ukurasa mzima. Upana mmoja na zaidi kidogo. Akaizungusha kwa uzi uani, mara moja, ikaenda kama ilivyotakiwa. "Sitaigusa tena," akasema, "kesho Prof ataibeba." Ilipofika alasiri akaomba mkeka kwa Mama Roza, akaniambia, "Mado, iangalie, kuku zisiiangushe," akaingia chumbani kusali. Nilikuwa peke yangu na roketi. Nilimsikia akisoma kwa sauti ya chini. Pua ilikuwa haijagundishwa bado, ilitoka kwa kuizungusha. Nilichimba nta kwa kipini cha nywele, nikatoa risasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, nikaiweka pua mahali pake. Ilichukua muda wa mtu kumenya ndizi. Jioni Prof aliigundisha pua kwa mikono yake mwenyewe, na Prof hakuwa na mkono wa Zaina. Hakuhisi kitu.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilikuwa naupa mto nafasi yake. Kwamba huenda baba alikuwa na haki, pua nyepesi, nani ajuaye. Kwamba risasi zilikuwa zangu hata hivyo. Basi acheni nilitamke leo Prof akiwa ameshalala: nilijua. Nilikuwa nimeuona uzi kwa macho yangu. Nilijua vizuri kabisa itakakokwenda.

Jumamosi kiwanja cha mpira kilijaa. Baba yake Zaina alikuwa amerudi kutoka barabarani asubuhi ile ile, akaja na velo yake na vumbi lake, akasimama pembeni akiishika velo kama mtu anayeshika mbuzi. Prof alihesabu kwa Kifaransa kurudi nyuma. Roketi iliruka, ikapiga mluzi, ikapita paa la shule, watu wakapiga vigelegele, na mimi kwa kitambo kidogo sana nilifurahi, nikadhani mto umeshinda. Halafu ikayumba. Ikageuka kama samaki aliyepigwa, ikazunguka mara mbili tatu moshi ukifuka huku na huku, ikashuka na moto wake mpaka ikajichoma ardhini karibu na goli. Kisha kicheko, kile kicheko cha kiwanja kizima ambacho nilikijua. Zaina alisimama na daftari kifuani. Mgeni mmoja, papa mwenye miwani, akauliza kwa upole, "Alors, nani anaweza kutueleza imetokea nini?" Zaina alifungua daftari, akaliangalia, akalifunga. Mimi nikasimama. Nilieleza yote. Nilieleza kuhusu mabawa madogo, mahali upepo unaposhika, mahali uzito unapokutana, nikachora kwa kijiti mavumbini, nikasema bila shaka uzito wa puani haukutosha, bila shaka kulikuwa na kosa katika hesabu. Kwa Kifaransa cha redio. Papa mwenye miwani alikuwa anaitikia kwa kichwa na kuandika. Nilieleza vizuri kwa sababu hakuna mtu duniani aliyejua kosa lile kama mimi. Nilipomaliza nikamwona baba yake Zaina anamshika mwanawe begani. "Twende, mama," alimwambia, "twende, hesabu si yetu."

Ile nafasi nilipewa mimi. Baba yangu alikuja kutoka Isangi na pirogi nzima ya samaki, tukala siku tatu, na mpaka anakufa alikuwa akiwaambia watu wa mto kwamba binti yake alimshinda kila mtu Kisangani kwa akili. Zaina hakurudi shule mwaka uliofuata. Nilisikia yuko Kindu na wazazi, nikasikia yuko Goma, kisha sikusikia tena, wala sikuuliza. Mimi nikawa mwalimu wa fizikia Kinshasa. Kazi yangu ni kinywa. Kila mwaka nachora roketi ubaoni, na katika miaka yote hiyo mikono yangu haijatengeneza hata kiti.

Sasa, baada ya mazishi, Zaina alisukuma sahani yake pembeni, akainuka, akaenda kwenye rafu ambapo Prof alikuwa ameweka redio, picha ya ndoa, na pua ya roketi yetu. Sikuwa nimeiona. Prof aliiokota kiwanjani, kumbe, akailinda miaka yote. Ilikuwa na mpasuko, lakini bado laini kama yai. Zaina aliiweka kiganjani, akaipandisha na kuishusha mara moja. "Iko mwepesi," akasema. Kisha akatabasamu. "Risasi zilimwangika, pale ilianguka." Mlango wa kukwepea ulikuwa wazi, nikapita. Nilisema, "Ndiyo, bila shaka."

Akakaa, pua mapajani, akaanza kusema, na sijawahi kumsikia Zaina akisema maneno mengi hivyo. Aliniambia kazi yake. Anapanga mizigo ya ndege. Kabla ndege haijaruka ni yeye anayesema gunia hili mbele, pipa lile nyuma, watu wanene wawili wabadilishane viti, na rubani hawashi injini mpaka aone saini yake. "Uwanjani vijana bananiita Mama Mara Tatu," alisema akicheka, "juu nafanyaka hesabu mara tatu. Siku ile niliifanya mara moja. Ile kosa, Mado, sijaiona mpaka leo. Daftari ninalo nyumbani. Bwana yangu alishachoka na mimi. Kila mwaka nalifungua, natafuta wapi nilikosea, sioni. Hesabu inatoka ile ile. Donc najiambia, kichwa yangu iko na shimo mahali, mimi siioni, lazima niangalie mara tatu. Na Mungu iko, hakuna ndege ilianguka kwa saini yangu." Nilimsikiliza, na mnajua niliona nini? Niliona wivu. Kosa lilikuwa langu, nililifanya mimi kwa kipini changu cha nywele, na yeye alikuwa amelichukua akalifanya maisha mazima, na mimi nikabaki na ubao na chaki. Halafu nikaona ile nyingine: mwanamke wa miaka arobaini na saba anayeamini kichwa chake kina shimo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Prof alikuwa amekwisha kufa.

Nilifungua mkoba. Nikafungua kikopo. Nikaziweka risasi nne juu ya mananasi, moja moja. Wanawake walikuwa wanaosha vyombo uani, mmoja anaimba. "Ulizitoa wakati gani?" Zaina aliuliza. "Alasiri. Ulikuwa unasali." "Nilikuwa nasali," alisema. Nilingoja kofi. Nililitaka. Nilianza kusema samahani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu kinywa kilikataa. Yeye alizihesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, akarudia, akarudia tena. Kisha akazitia ndani ya pua, akailaza juu ya kiganja, akafumba macho.

"Alors hesabu yangu ilikuwa sawa," alisema.

Hakuniambia mimi. Alikuwa ameshachukua simu, anabonyeza, anasimama, na katika sebule ya msiba, mbele ya wazee waliokuwa wanasinzia, akaanza kupaza sauti kama mtu anayeongea na kiziwi. "Papa! Papa, ni Zaina! Hapana, hapana, hakuna mutu wa kwetu alikufa, ni Prof tu, tulishamuzika. Papa, sikia. Unakumbuka ile roketi? Ile ya kiwanja? Hesabu yangu ilikuwa sawa! Nasema ilikuwa sawa, papa! Yote! Tangu mwanzo!" Nilingoja jina langu. Hakulitaja. Alikuwa analia na kucheka, mkono mmoja umeikumbatia pua ya roketi kifuani, na kutoka kwenye simu nilisikia sauti ya mzee, mbali, ikiuliza jambo lile lile mara ya pili ili alisikie tena. Baba yangu mimi alikufa akijivuna, na siwezi kumpigia. Nilizikusanya sahani zetu mbili. Katika ya Zaina kipande cha tatu cha samaki kilikuwa kimebaki kizima, hakukigusa, na yeye alikuwa bado anaongea na baba yake.